Mkoba wa kamera: Jinsi ya kuchagua ule usioumiza bega wala mgongo

NI jambo la kawaida kwa mpigapicha anayeanza kazi kudunduliza pesa kwa miezi mingi ili anunue kamera na lenzi za kuaminika, kisha akavitia vifaa hivyo katika mkoba wowote ule atakaokutana nao.

Mkoba huonekana kuwa jambo dogo hadi saa nane mchana, wakati bega linapowaka moto ilhali maharusi hawajafika hata bustanini kwa picha za pamoja.

Kamera inapoharibika hupelekwa kwa fundi au hununuliwa nyingine. Bega, shingo na kiuno havina vipuri. Isitoshe, wapigapicha wengi nchini wamejiajiri na hulipwa kwa kazi waliyoifanya. Siku ambayo mgongo umegoma, hakuna malipo.

Kwa sababu hiyo, kuchagua mkoba si suala la urembo wala la jina la kampuni. Ni suala la riziki na afya.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji anayekuhakikishia kuwa mkoba fulani ni mwepesi hatakuwa nawe unapoubeba kutwa. Njia ya pekee ya kuujua mkoba ni kuupima kwa mwili wako mwenyewe, ukiwa umejaa vifaa vyako mwenyewe.

PIMA MZIGO KWANZA

Wanunuzi wengi huchagua mkoba kabla ya kujua uzani wa vitu watakavyovibeba. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: viweke vifaa vyote kwenye mizani, hata kama ni ile ya duka la jirani, uandike hesabu yake.

Tuchukue mfano wa mpigapicha wa harusi anayetumia kamera mbili aina ya Canon EOS 5D Mark IV, iliyoingia sokoni mwaka wa 2016. Kila moja, ikiwa na betri na kadi ya kumbukumbu, ina uzani wa gramu 890.

Lenzi ya milimita 24-70 yenye upenyo wa f/2.8 ina gramu 805, ile ya milimita 70-200 gramu 1,490, na ile pana ya milimita 16-35 gramu 790. Flashi ya Speedlite 600EX II-RT ina gramu 435 kabla ya kutiwa betri.

Jumla ya vifaa hivyo ni kilo 5.3. Ongeza chupa ya maji ya nusu lita, betri za akiba, na mkoba wenyewe ambao unaweza kuwa na kilo 2 ukiwa mtupu, nawe utakuwa umekaribia kilo 8. Huo ni uzani wa pakiti nne za unga wa ugali za kilo 2.

Hakuna kifaa hata kimoja katika orodha hiyo kinachoonekana kizito kikishikwa peke yake. Ama kwa hakika, haba na haba hujaza kibaba.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri kwamba mkoba wa mwanafunzi usizidi kati ya asilimia 10 na 20 ya uzani wa mwili wake. Kwa mtu mzima wa kilo 70, kilo 8 tayari ni zaidi ya asilimia 11, naye hazibebi kutoka nyumbani hadi shuleni tu, bali huzibeba kutwa huku akiinama, akichuchumaa na kupanda viti.

Ukishajua hesabu, jiulize ni vifaa gani hasa vinavyohitajika katika kazi iliyo mbele yako. Lenzi iliyobebwa katika harusi tano mfululizo bila kutolewa ifaa ibaki nyumbani, au iachwe kwenye gari lililofungwa iwapo kuna mlinzi wa kuaminika.

Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani nazo zimepunguza mzigo. Kamera mbili za Canon EOS R6 Mark II, zikiwa na lenzi ya milimita 24-105 na ile ya milimita 70-200 zote za f/4, kwa jumla hazifiki kilo 3. Kamera mbili na lenzi mbili za mfano wetu wa awali hupita kilo 4.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina gharama yake. Lenzi ya f/4 huingiza nusu tu ya mwanga unaoingizwa na lenzi ya f/2.8, jambo litakalosumbua ndani ya kanisa lenye giza. Kila mmoja apime baina ya bega lake na picha zake.

MZIGO HUKAA WAPI MWILINI?

Mikoba miwili yenye uzani sawa yaweza kuleta uchovu tofauti kabisa. Siri iko katika mahali mzigo unapokaa.

Mzigo unaoning'inia upande mmoja humlazimu mtu kuinua bega la upande huo ili mkanda usiteleze, na wakati huohuo kuupinda uti wa mgongo kuelekea upande wa pili ili asiyumbe. Misuli ya shingo hubaki imekazwa bila kupumzika. Hali hiyo ikidumu nusu saa si neno. Ikidumu kutwa, na kurudiwa kila Jumamosi, huzaa maumivu sugu.

Upana wa mkanda nao una hesabu yake. Mzigo uleule ukibebwa na mkanda wa sentimita 5 badala ya sentimita 2.5, eneo linaloupokea huongezeka maradufu na mkandamizo juu ya bega hupungua kwa nusu.

Hili halihusu ngozi pekee. Neva zinazokwenda mkononi hutoka shingoni na kupita chini ya mtulinga. Zikibanwa kwa muda mrefu, vidole huanza kufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakiwezi kuendesha vitufe vya kamera.

Jambo la tatu ni umbali kati ya mzigo na mgongo. Kilo 5 zinazogusana na mgongo si sawa na kilo 5 zilizo sentimita 20 nyuma yake. Kadiri mzigo unavyosogea nyuma ndivyo unavyomvuta mtu, naye hulazimika kuinama mbele kama mwenye kibiongo ili asianguke. Epuka mkoba mnene uliojaa vifuko vya nje. Bora ule mwembamba ulioinuka kwenda juu.

Jambo la nne, na ndilo linalosahauliwa mno, ni nyonga. Mifupa ya nyonga na misuli ya mapaja ina nguvu kuliko mabega. Mkoba wenye mshipi mpana wa kiunoni huhamisha sehemu kubwa ya uzani kutoka mabegani hadi kwenye nyonga.

Wapanda milima walilijua jambo hili mapema. Mmarekani Greg Lowe, aliyekuwa mpanda milima na mpigapicha, alibuni shanta yenye fremu ya ndani mwaka wa 1967, na kutokana na kazi yake ikazaliwa mikoba ya kamera ya Lowepro.

Wanawake wa Afrika Mashariki wamekuwa na elimu yao ya kubeba mizigo tangu jadi. Mnamo 1986, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Kenya ukiongozwa na G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhusu wanawake Waluo waliobeba mizigo kichwani na Wakikuyu walioibeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso.

Watafiti hao waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzani wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 kuhusu wanawake wa Afrika Kusini haukuona nafuu ya jumla kama hiyo, bali uliona tofauti kubwa baina ya mtu na mtu. Funzo kwa mnunuzi wa mkoba ni kwamba miili na mazoea hutofautiana. Mkoba anaousifu mwenzako huenda ukakutesa wewe.

AINA ZA MIKOBA

Mkoba wa begani wenye mkanda mmoja ndio unaopendwa na wapigapicha wa magazeti, kwa kuwa lenzi hutolewa kwa mkono mmoja bila kuuvua. Jim Domke, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la The Philadelphia Inquirer la Marekani, alibuni mkoba wa namna hii wa turubai laini katikati ya miaka ya 1970. Ulaini huo huufanya ukumbatie kiuno badala ya kukipiga kwa pembe zake.

Mkoba huu unafaa mzigo usiozidi kilo 4 hivi na kazi ya saa chache. Mkanda wake uvaliwe kukatisha kifua, si kuning'inizwa bega moja, na mvaaji abadilishe bega kila baada ya muda.

Shanta, yaani mkoba wa mgongoni wenye mikanda miwili, hugawa uzani sawasawa. Hiyo ndiyo inayofaa safari ndefu kwa miguu na mizigo inayopita kilo 5. Kasoro yake ni kwamba lazima ivuliwe ili kutoa kifaa. Anayefukuzana na waandamanaji barabarani hana nafasi ya kupiga magoti na kufungua zipu.

Mkoba wa kombeo uko kati ya hizo mbili. Hukaa mgongoni kwa mkanda mmoja mpana na huzungushwa mbele unapohitajika. Ni mzuri kwa kamera moja na lenzi mbili. Ukijazwa kupita kiasi, huwa na madhara yote ya mkoba wa begani.

Mshipi wenye vifuko huvaliwa kiunoni, kila lenzi na flashi ikiwa katika kifuko chake. Mabega huwa huru kabisa, na ndiyo sababu baadhi ya wapigapicha wa harusi na michezo huupenda. Hata hivyo, mvaaji hupanuka upande kwa upande, na kupita katikati ya viti vya wageni huhitaji uangalifu.

Begi la magurudumu ni la kusafirishia vifaa, si la kufanyia kazi. Katika sakafu ya uwanja wa ndege au hoteli ni raha tupu, lakini kwenye njia ya kokoto au matope utalibeba kama sanduku, na magurudumu yenyewe yatakuwa mzigo wa ziada.

Wengi huishia kuwa na mikoba miwili: mkubwa wa kusafiria na mdogo wa kufanyia kazi. Pesa za mkoba mmoja unaodaiwa kufaa kila kitu mara nyingi hutosha kununua miwili ya kadiri inayofanya kazi zake vyema.

KIMO NA UMBO LA MVAAJI

Shanta nyingi za kamera hutengenezwa kwa saizi moja, ilhali watu hawalingani. Pima mgongo wako kutoka kwenye mfupa uliotokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kipimo hicho, wala si kimo chako kizima, ndicho kinachoamua urefu wa shanta.

Mtu mwenye mgongo mfupi akivaa shanta ndefu, mshipi huangukia kwenye makalio na hausaidii chochote. Mwenye mgongo mrefu akivaa shanta fupi, mshipi hubana tumbo na mabega hubaki na mzigo wote.

Mshipi wa kweli hukaa juu ya mifupa ya nyonga na una sponji ngumu. Utepe mwembamba usio na sponji hauhamishi uzani. Kazi yake ni kuuzuia mkoba usiyumbe tu. Usidanganywe na jina.

Wanawake wachunguze pia umbo la mikanda ya mabegani. Mikanda iliyonyooka hubana kifua na kusugua kwapa, ilhali iliyopinda hukwepa sehemu hizo. Mkanda wa kifuani nao uwe unaweza kupandishwa na kushushwa.

Ubonyeze mkanda wa begani kwa kidole gumba. Sponji nzuri hukataa kidogo kisha hurudi. Ile laini mno hupendeza dukani, lakini baada ya wiki chache hubonyea hadi ukahisi utepe ulio ndani yake.

NDANI YA MKOBA

Mkoba wa kamera hutofautiana na mkoba mwingine kwa kuta za ndani zinazoweza kuhamishwa. Hakikisha kuta hizo zinashika imara na kwamba sakafu ya mkoba ina sponji ya kutosha, kwa kuwa mkoba hutuliwa chini mara nyingi kwa siku.

Sponji nyingi kupindukia si usalama. Huongeza uzani na kupunguza nafasi, nawe utalazimika kununua mkoba mkubwa zaidi. Na mkoba mkubwa una tabia ya kujazwa. Chagua ule unaotosha vifaa vya kazi yako ya kawaida na nafasi ndogo ya ziada.

Panga vitu vizito, hasa lenzi ndefu, karibu na mgongo. Betri, nyaya na vitambaa vya kufutia vikae upande wa nje. Stendi ya miguu mitatu ikifungwa ubavuni huvuta mwili upande mmoja, hivyo ni bora ifungwe katikati, au chupa ya maji iwekwe upande wa pili kusawazisha.

Andika orodha ya vifaa na nambari zake za utambulisho, uihifadhi mbali na mkoba. Mali bila daftari huisha bila habari.

MVUA, VUMBI NA UNYEVU

Wapigapicha wengi walizoea kuufunika mkoba kwa mfuko wa plastiki mvua inaponyesha. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya. Mkoba wako sharti uje na kifuniko chake cha mvua, au ukinunue kando.

Kitambaa kinachodaiwa kutopitisha maji hakitoshi, kwa kuwa maji hupenya kwenye zipu na mishono. Katika misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kifuniko kikae ndani ya mkoba kila siku.

Kwa wakazi wa Mombasa, Lamu na Kilifi, adui mkubwa ni unyevu na chumvi ya bahari. Sponji hufyonza unyevu na kuuhifadhi, na lenzi iliyofungiwa humo kwa wiki kadhaa yaweza kuota kuvu. Mkoba ni wa kubebea, si ghala. Vitoe vifaa ufikapo nyumbani, na uanike mkoba wazi kivulini.

Vumbi la Kajiado au Turkana huingia kupitia meno ya zipu. Zisafishe kwa mswaki mkavu. Zipu iliyokwama humfanya mtu kuivuta kwa nguvu, na hapo ndipo inapofumuka katikati ya kazi.

MATATU, BODABODA NA NDEGE

Mkoba mzuri nchini Kenya ni ule unaoweza kusafiri kwa vyombo tunavyotumia. Ndani ya matatu, mkoba hukaa mapajani. Ukiwa mpana kuliko magoti yako, utamkera abiria wa kando na huenda ukalazimika kuukabidhi utingo auweke nyuma, mbali na macho yako.

Juu ya pikipiki, shanta nzito humvuta abiria nyuma kila dereva anapoongeza kasi. Kaza mikanda ili mkoba usicheze, na ikiwezekana kitako chake kiegemee kiti ili uzani usiwe mabegani. Mkoba wa begani usiachwe ukining'inia kando, maana waweza kunaswa na gari linalopita.

Kwa safari za ndege ndogo ziendazo mbugani kama Maasai Mara, mashirika mengi humruhusu abiria kilo 15 pekee kwa mizigo yote, tena katika mabegi laini yasiyo na fremu ngumu. Mkoba wenye kilo 3 ukiwa mtupu humeza moja ya tano ya kiwango hicho.

Mfuko wa kuegemeza lenzi kwenye dirisha la gari usafirishwe ukiwa mtupu, ujazwe mchele au maharagwe ufikapo. Vilevile kumbuka kwamba plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na maeneo yaliyohifadhiwa tangu Juni 5, 2020.

Katika ndege za kawaida, betri za akiba za lithiamu hubebwa na abiria mwenyewe ndani, si katika shehena, na ncha zake zifunikwe zisigusane na chuma. Kiwango kisichohitaji idhini ya shirika ni saa-wati 100 kwa kila betri. Betri ya LP-E6N inayotumika katika kamera ya mfano wetu ina saa-wati 14 tu, hivyo haina tatizo. Mkoba uwe na kifuko salama kwa ajili ya betri hizo.

USALAMA DHIDI YA WEZI

Mkoba wenye jina kubwa la kampuni ya kamera ni tangazo kwa waporaji. Ule wa rangi iliyofifia, usio na maandishi, humsaidia mwenyewe kupita katikati ya umati bila kutazamwa.

Shanta inayofunguliwa upande wa mgongo ni salama kuliko inayofunguliwa upande wa nje, kwa sababu mchopozi hawezi kuifikia zipu ukiwa umeivaa. Ina faida nyingine: ukiilaza chini penye matope, upande unaochafuka si ule unaogusa shati lako.

Penye msongamano, vaa shanta kifuani. Ukiketi mkahawani, pitisha mkanda kwenye mguu wa kiti chako. Hatua hizi hazimzuii mwizi aliyejihami, lakini humfanya mdokozi atafute kwingine.

MITUMBA NA FUNDI WA MIKOBA

Asiye na uwezo wa kununua mkoba mpya wa kamera asikate tamaa. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba hupatikana shanta za kupanda milima ambazo mishipi yake ya kiunoni ni bora kuliko ya mikoba mingi ya kamera. Ukitia ndani kisanduku laini cha sponji chenye vigawanyo, utakuwa na chombo cha kazi.

Chunguza mambo matatu kabla ya kulipa. Zipu ziteleze bila kuruka meno. Mishono inayounganisha mikanda na mwili wa mkoba iwe haijaanza kufumuka, kwa kuwa hapo ndipo uzani wote unaposhikilia. Kisha pitisha kiganja ndani: kitambaa kinachonata au kumenyuka kimezeeka na hakizuii maji tena.

Fundi wa mikoba aweza pia kuokoa mkoba ulio nao. Mwombe apanue mkanda wa begani, aongeze sponji ngumu, au ashone mshipi wa kiunoni. Mkanda wa begani mara nyingi ndio sehemu dhaifu kuliko zote, na kuubadilisha huenda kukatosha bila kununua mkoba mwingine.

JARIBIO LA DUKANI

Usinunue mkoba mtupu. Nenda dukani na vifaa vyako, au ubebe vitu vingine vyenye uzani sawa. Pakiti tatu za unga ni kilo 6, na muuzaji mwenye nia njema hatakataa uzitie ndani.

Vaa mkoba kwa utaratibu. Legeza mikanda yote, funga kwanza mshipi juu ya nyonga, kisha vuta mikanda ya mabegani hadi mkoba uguse mgongo, na mwisho funga mkanda wa kifuani. Ukianza na mabega, yatabaki na mzigo wote.

Ukishauvaa, tembea nao kwa muda usiopungua robo saa. Panda na kushuka ngazi. Chuchumaa kama anayempiga picha mtoto. Inua mikono yote miwili usoni kana kwamba umeshika kamera, uone kama mikanda inakubana makwapa.

Kisha itoe kamera na kuirudisha mara kumi. Ikiwa mara ya tatu umeshaanza kukereka, fikiria utakavyokuwa mara ya mia moja siku ya kazi. Mkoba mgumu kufungua humfanya mtu aache kuurudishia vifaa, akavining'iniza vyote shingoni.

Ukinunua kwa njia ya mtandao, soma kwanza masharti ya kurudisha bidhaa, na ufanye jaribio hili nyumbani kabla ya kung'oa lebo.

DALILI ZA KUZINGATIA

Uchovu wa mabega unaoisha baada ya kulala ni wa kawaida. Ganzi vidoleni, maumivu ya shingo yanayodumu kwa siku kadhaa, au maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni si ya kupuuzwa. Dalili hizo zimwelekeze mtu kwa daktari, si kwa duka la mikoba.

Hata mkoba bora kabisa hauondoi haja ya kuutua. Kila fursa inapojitokeza, kama vile wakati wa mahubiri au wa hotuba za wazee, uweke chini kati ya miguu yako, unyooshe mgongo na kuzungusha mabega.

Mwishowe, mnunuzi akumbuke mpangilio wa maamuzi: kwanza apunguze mzigo, pili achague mahali utakapokaa mwilini, tatu ahakikishe vifaa vinafikiwa kwa urahisi. Rangi, jina na idadi ya vifuko vije baadaye. Atakayefuata utaratibu huo huenda akatumia pesa chache kuliko alivyodhani, na bado ataweza kuinua kamera kwa mkono usiotetemeka keki inapokatwa.